Mguu au Figo

4 Februari

Mpwa wangu Kelele,

Najua unavyosoma barua zangu: unaruka salamu unatafuta ugomvi. Safari hii soma kila mstari. Mke wangu anakusalimu sana, goti lake limetulia kidogo. Mama yako alikuja Jumapili, akala akashiba, kisha akatuambia chakula hakina chumvi. Paka amezaa tena ndani ya kabati la mashuka na hakuna anayethubutu kumtoa. Mimi nipo bado kwenye ghala la vigae. Wametuletea vya bafuni, vyembamba kama biskuti, vinavunjika hata ukivikazia macho, na kila kilichovunjika anaulizwa msimamizi, yaani mimi.

Haya, ugomvi wako huu hapa.

Ule mguu wa kulia niliokuambia unauma nikitembea, sasa unauma hata nikikaa. Kidole gumba kimebadilika rangi. Nimekwenda hospitali, wakanipima kwa ultrasaundi, wakasema mishipa imeziba, damu haifiki chini. Nikasema vizuri, zibueni. Daktari akasema ili wazibue lazima kwanza waone ilipoziba, na ili waone lazima wanichome ile dawa ya rangi inayofanya mishipa ionekane kwenye picha. Na dawa hiyo, kwa mtu mwenye figo kama zangu, inaweza kuzimaliza kabisa.

Ndiyo, figo zangu. Usianze kupiga kelele. Ndiyo maana naandika.

Basi wamekubaliana kwamba hawanichomi dawa. Watakata mguu chini ya goti. Waliokubaliana ni daktari na daktari mwenzake, mmoja upande huu wa kitanda, mwingine upande ule, wanaongea juu ya tumbo langu kama watu wanaopimiana kitambaa. Mimi nimelala hapo katikati, macho makavu. Wakaniletea karatasi nisaini. Nikawaambia kalamu yangu haina wino, na kalamu yenyewe iko mfukoni inanichoma ubavu.

Wewe unafanya kazi kwenye chumba cha picha huko uliko. Kila siku unaona watu wanachomwa dawa hiyo. Nieleze kama mjinga: ni kweli inaua figo, au wananitisha? Usipige simu. Kwenye simu unanikatisha, mke wangu anasikiliza akiwa jikoni, na mama yako anajua kila kitu kabla sijakata. Andika.

Mjomba wako,
Filimbi


19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Huku tuko salama. Mume wangu amerudishwa kwenye zamu za asubuhi, kwa hiyo sasa tunaonana. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika viti. Anaanguka, anasimama, ukimpa mkono anakasirika. Kila mtu anasema amechukua upande wetu.

Salamu zako nimezisoma zote kama ulivyoagiza. Sasa nipishe.

Tangu lini una ugonjwa wa figo? Mwaka jana nilikuja nikalala kwenu, nikakuuliza habari za sukari, ukasema iko sawa. Presha, sawa. Kila kitu sawa. Ulikuwa unanitazama usoni kabisa, tena unakunywa chai. Na vile vidonge vya maumivu! Miaka yote umekuwa refa, unakimbia na filimbi yako nyuma ya vijana wenye umri wa watoto wako, jioni unatafuna vidonge kama karanga ili kesho yake uweze kuamka. Hivyo ndivyo vinavyozichosha figo. Acha leo. Nimesema leo.

Umeomba nikueleze kama mjinga. Wewe si mjinga, ni mkaidi, kwa hiyo nakueleza kama mtu mzima. Ile dawa haiui figo za kila mtu. Figo zenye nguvu huitoa kwenye mkojo, mambo yakaisha. Zamani tuliiogopa kuliko tunavyoiogopa sasa, na kuna wagonjwa walionyimwa picha kwa woga tu. Lakini figo zikishachoka sana, hatari ipo kweli. Kwa hiyo daktari wako hakutishi. Kosa lake ni kwamba amekueleza upande mmoja. Kukata mguu nako kuna hatari. Mtu mwenye sukari na figo dhaifu akikatwa mguu, kidonda kinaweza kugoma kupona, moyo unaweza kuelemewa, na wengi hawadumu. Nadhani hilo hakuligusa.

Katikati kuna njia nyingine. Mahali pengine hutumia gesi inayopulizwa ndani ya mshipa badala ya dawa ya rangi, au huanza na gesi kisha wakaweka dawa kidogo sana pale inaposhindikana, na mgonjwa anapewa maji ya dripu kabla na baada. Lakini yote hayo yanategemea figo zako zimebaki na nguvu kiasi gani. Walipokupima damu walikupa namba. Nitumie hiyo namba. Usiniandikie "si mbaya sana." Namba.

Na usisaini.

Mpwa wako, aliyekasirika,
Kelele


15 Machi

Kelele, marahaba.

Barua yako ilikaa chini ya kiti cha dereva wa basi mpaka ikanifikia na alama ya kiatu. Mke wangu mzima. Watoto wa paka wameanza kupanda mapazia. Mama yako mzima pia, na nina ushahidi, kwa sababu amehamia hapa. Amekuja na mto wake, redio yake na dawa yake ya mbu. Unajua kwa nini amehamia? Kwa sababu ulimwambia! Mimi nakuandikia kwa siri, wewe unamsomea mama yako kwenye simu. Sasa kila asubuhi anafunua shuka kutazama kidole changu kama mtu anayefunua sufuria ya maharage. Kimekuwa cheusi, kwa taarifa yako. Yeye ndiye anayewatangazia majirani.

Nilirudi kwa daktari. Ni mtu mzima mwenye mvi, mikono safi, sauti ya upole. Nikamwambia nimesikia kuna njia ya gesi. Akasema hapa hawana. Nikamwambia basi nichome hiyo dawa ya rangi, mimi nimekubali.

"Mzee," akasema, "figo haina spea."

"Na mguu una spea?"

"Upo mguu wa bandia."

"Uvae wewe kwanza nione."

Mke wangu akanivuta shati. Daktari hakukasirika, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi. Alikwenda akafunga mlango, akakaa, akashusha sauti. "Nikuambie ukweli, mzee. Nikikuchoma dawa figo zikafa, watauliza nani alimchoma, na jina langu litatajwa. Nikikata mguu, hakuna atakayeuliza. Watasema ni sukari."

"Kwa hiyo mguu wangu unakatwa ili jina lako lisitajwe?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo, mke wangu kasikia."

Mke wangu akatazama dirisha. Nikatoka. Nilitembea mpaka getini kwa hasira, nikasahau hata kuchechemea, kisha mguu ukanikumbusha, nikakaa kwenye ukingo wa bustani na watu wakanipita wakidhani naomba.

Umeandika "mahali pengine." Mahali gani? Mtu unamwambia kuna njia kisha unaificha mlango! Hilo sikulielewa, na nimelisoma mara nyingi.

Kuhusu namba, karatasi aliiweka mke wangu, hakumbuki wapi.

Filimbi


30 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mtoto anaota meno, usiku haturuhusiwi kulala. Mwambie mama nimemwomba apunguze sauti ya redio. Ukimwambia wewe ataongeza.

Namba ninayo. Nilimpigia mkaza mjomba, akaenda moja kwa moja, akaitoa karatasi chini ya godoro. Upande wako wa kitanda! Halafu unamsingizia mkeo kwamba hakumbuki. Una aibu kweli wewe?

Ni kumi na saba. Maana yake figo zako zimebaki na nguvu chini ya moja ya tano. Ulijua, ndiyo maana ukailalia. Kwa namba hiyo siwezi tena kukaa hapa nikamwita daktari wako mwoga nikaishia hapo. Ni mwoga, ndiyo, ila ana cha kuogopa.

Umeuliza mahali gani. Ni hapa. Ni chumba hiki hiki ninachofanyia kazi. Sikukuambia kwa sababu sikutaka uje.

Soma tena hiyo sentensi, ukasirike, kisha uendelee.

Mwaka huu ulipoanza alikuja mwalimu wa hesabu, namba yake ilikuwa nzuri kuliko yako. Mimi ndiye niliyemvisha gauni, tukataniana. Akachomwa dawa, mguu wake ukapona, figo zikagoma. Sasa anakuja mara tatu kwa wiki jengo la pili, kwenye mashine ya kusafisha damu. Tunapishana kwenye korido, ananisalimu vizuri tu. Hakuna anayeweza kuapa kwamba ni dawa iliyomfanya hivyo. Alikuwa mgonjwa, huenda figo zilikuwa njiani kufa zenyewe. Hata mimi sijui. Lakini kila akinisalimu nashindwa kumtazama. Na kulikuwa na fundi bomba, yeye alinyimwa dawa kwa ajili ya figo zake. Wakamkata kwenye kifundo, wakamkata chini ya goti, wakamkata juu ya goti. Hakutoka wodini. Nikitaka kukuambia njoo, nakuona kwenye mashine ya mwalimu. Nikitaka kukuambia kaa huko, nakuona kwenye kitanda cha fundi bomba. Ndiyo sababu nilificha mlango, kama unavyosema.

Juzi nimegombana na bosi wangu, daktari wa mishipa, mwanamke mfupi asiyekuwa na muda wa salamu. Nilimwonyesha namba yako, akasema ni mbaya. Nikamwambia najua ni mbaya, siyo hilo nililouliza! Akanitazama, akasema, "Aje na mguu wake na maswali yake." Nikamwambia ni mjomba wangu. "Basi wewe hutagusa kitu chochote," akasema.

Wataanza na gesi, kutoka nyonga kushuka chini. Gesi huwa haionyeshi vizuri kwenye wayo. Huko ndiko huenda akahitaji dawa ya rangi, kidogo, kama kijiko. Lakini kabla hujapanda basi nataka jibu moja, na nalitaka kwa mwandiko wako. Figo zikigoma, utakubali mashine? Kwa sababu kama utakataa, basi unachocheza nacho siyo figo, ni roho yako, na mimi sitaki kushuhudia.

Kelele


12 Aprili

Kelele,

Wote wazima, jirani kachukua paka mmoja. Salamu zimekwisha.

Swali kama lile mtu haulizwi kwenye karatasi! Nilikaa kutwa siongei na mtu. Hata kazini, lori limeshusha vigae upande wa mvua nikawaacha.

Jioni tukakaa sebuleni. Mama yako kwenye kochi, mke wangu kwenye kiti cha mbao, mimi mguu juu ya mto. Nikawasomea barua yako yote. Mama yako akasema, "Wakate tu, kaka. Tuwe na wewe mzima." Nikamuuliza mzima gani huyo asiye na mguu. Akaanza kulia. Nikapaza sauti. Naye akapaza yake, akanikumbusha mambo ya utotoni ambayo hayana uhusiano na mguu wala figo.

Mke wangu akasimama, akazima redio. Unamjua, katika nyumba hii ndiye mtu pekee asiyepiga kelele.

"Mmesema mguu," akasema. "Mmesema figo, mmesema daktari. Mguu ukikatwa, nani atakuinua kwenda chooni? Mimi, na goti hili. Ukipelekwa kwenye mashine, nani atakaa nje kwenye benchi akikungoja? Mimi. Mbona kwenye barua zenu zote mimi natajwa kwenye salamu tu?"

Mama yako alinyamaza katikati ya kwikwi.

Nikamuuliza mke wangu, "Wewe unataka nini?"

"Kungoja naweza," akasema. "Kukubeba siwezi."

Kisha akaenda jikoni, tukasikia masufuria yanapigwa kama yamemkosea.

Kwa hiyo jibu lako hili hapa, kwa mwandiko wangu: ndiyo, nitakubali mashine. Nitailaani kila siku, nitawachosha manesi, lakini nitaikubali. Nakuja mwezi huu ukiisha. Na huyo bosi wako mfupi amesema kweli, wewe usiguse kitu. Mambo yakiharibika nataka kuwe na mtu wa kumkasirikia mpaka nife, na asiwe wewe.

Mama yako anataka kuja nami. Mzuie.

Filimbi


16 Mei

Mjomba,

Shikamoo ipo, ila inatoka kwa tabu.

Umeondoka! Nimeingia wodini na chupa ya chai, nakuta kitanda kimetandikwa. Nesi ananiambia mzee amesaini mwenyewe, kasema amechoka kutobolewa. Na kipimo cha damu kilichokuwa muhimu kuliko vyote kilikuwa siku ile! Nilikueleza kwa mdomo wangu, ukitikisa kichwa kama mtu anayeelewa: figo hazigomi pale pale mezani, hugoma baadaye, kimya kimya. Mkaza mjomba naye akakufuata na mkoba wake kama hakusikia neno. Hata kuniaga!

Wewe uliona dari tu siku ya kuzibuliwa mishipa. Nikuambie nilichoona mimi, labda utajua ulichokitupa.

Gesi ilionyesha nyonga, ikaonyesha paja, ikafika chini ya goti. Ulitukana ilipokuunguza, nesi mmoja akatoka nje kucheka. Daktari akapitisha waya, akapuliza kiputo cha kuupanua mshipa kwa ndani, paja likafunguka. Tulishangilia huku nyuma ya kioo. Kisha gesi ikafika kwenye kifundo ikakatika vipande vipande, kwenye skrini hakuna kitu, ukungu tu. Daktari akasimamisha kazi. Akainama mpaka uso wake ukakaribia wako, nikamsikia kwenye spika.

"Mzee, juu nimefungua. Chini gesi hainionyeshi. Nikiweka dawa kidogo nitaona, pengine nifungue mpaka vidoleni. Nikiishia hapa, labda itatosha, labda haitatosha. Figo zako unazijua. Unasemaje?"

Ukamuuliza, "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mguu si wangu," akasema.

Mjomba, mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu. Nilitaka kugonga kioo niseme hapana. Nilitaka kugonga kioo niseme weka. Ningegonga, sijui ni lipi lingetoka.

Ukasema, "Weka."

Ikaingia dawa kidogo sana, na mishipa ya wayo wako ikatokea kwenye skrini, myeusi, myembamba kama mizizi ya kitunguu. Akazibua mmoja, kisha wa pili. Nililia mbele ya watu ninaofanya nao kazi, na leo bado wananitania.

Mtu amepitia yote hayo, halafu anakimbia sindano ya kupima damu! Nenda ukapime leo. Miguu ikivimba, mkojo ukipungua, pumzi ikiwa fupi, usingoje. Nijibu haraka.

Kelele


9 Juni

Mjomba,

Simu yako haipokelewi. Ya mkaza mjomba haipokelewi. Mama nimempata, akaniambia nisubiri barua, akakata. Mama yangu mimi, akakata simu mwenyewe! Mtu hasubirishwi barua kwa habari njema.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Kelele


2 Agosti

Mwanangu Kelele,

Marahaba kwa shikamoo zote, pamoja na zile ulizoninyima. Mke wangu anakusalimu, na leo namtaja mwanzo kabisa na katikati nitamtaja tena. Mama yako amerudi kwake. Ameniachia redio, sijui ni zawadi au adhabu.

Sikukimbia sindano. Nilikimbia kusikia jibu nikiwa nimekaa mbele yako.

Jibu lilinifuata nyumbani. Miguu ilivimba yote miwili, hata ule uliokuwa mzima. Mkojo ukakatika. Nikawa nalala nimekaa kwa sababu nikijinyoosha pumzi inapotea. Mke wangu aliliita gari la jirani bila kuniuliza, nikapelekwa hospitali ile ile ya yule daktari mwenye mvi. Wakanitoboa shingoni, wakaniunganisha na mashine. Ni mimi niliyewakataza wote wasikuambie. Nilimwapisha mama yako, na unajua kumwapisha mama yako ni kazi ya kutwa. Ungekuja mbio, ungejiona wewe ndiye uliyeshika sindano ambayo hukuishika. Kasirika upendavyo. Hata leo ningefanya vile vile.

Nimelala kwenye mashine wiki kadhaa, mke wangu kwenye benchi nje, kama alivyosema. Kisha mkojo ukarudi kidogo kidogo, wakanitoa. Daktari wa figo, kijana mmoja mwenye haraka, anasema labda ni dawa, labda ni mguu uliokuwa unaoza, labda ni sukari na vile vidonge vyangu. Hawezi kujua. Anachojua ni kwamba figo zimeshuka kuliko zilivyokuwa, na siku moja mashine itakuwa ya kudumu. Inaweza kuwa mwakani. Wanataka kuniandaa mapema mshipa wa mkono wa kuunganishia mashine, nimekubali, Jumatano ijayo wananipasua. Kipimo cha damu nimekwenda kila nilipoitwa. Muulize mke wangu, anatunza karatasi siku hizi, mimi sisogelei godoro.

Vidole viwili vya mguu vimekwenda. Vitatu vipo, na wayo upo, na kisigino, na kila kitu mpaka nyonga. Nimerudi ghalani. Wamenipa kiti, sikitaki, nakikalia wasiponiona.

Yule mwenye mvi alikuja kitandani nikiwa kwenye mashine.

"Nilikuambia, mzee," akasema.

"Uliniambia nusu."

"Sasa umepata faida gani?"

Nikamwambia, "Alfajiri ya leo nimekwenda chooni kwa miguu yangu na mke wangu amelala."

Akafunua shuka, akauona mguu, akaweka vidole vyake mgongoni mwa wayo, akavikandamiza, akasikiliza muda mrefu. "Mapigo yapo," akasema, kama mtu aliyeudhiwa. Akafunika shuka akaenda zake. Hakuomba radhi, na mimi sijamsamehe. Nikimwona kwenye korido damu inanichemka vizuri tu, na nadhani hiyo ni dalili ya afya. Hakunikosea kwa kuziogopa figo zangu. Alinikosea kwa kuziogopa peke yake, nikiwa nimelala pale pale.

Sasa kliniki ya figo huwa na benchi refu, na mimi siwezi kukaa kimya kwenye benchi. Kila mgeni akija namwambia: uliza. Ukiambiwa hapana, uliza kwa nini. Ukiambiwa ndiyo, uliza itakuwaje mambo yakigoma. Nesi amenihamisha nikakae karibu na choo, anasema nawapandisha watu presha. Nikamwambia presha wameipata humu humu ndani.

Wiki iliyopita nilikaa karibu na mama mmoja, mshonaji wa magodoro, vidole vyake vimejaa alama za sindano. Ana uvimbe tumboni, wanataka kuupiga picha kwa ile dawa, na figo zake ni kama zangu za zamani. Wamempa muda afikirie. Alinisikiliza mpaka mwisho, mguu, gesi, shingo, mashine, yote. Mke wangu pembeni akinisahihisha. Kisha yule mama akanitazama sana.

"Baba," akaniuliza, "wewe ulichagua vizuri?"

Kelele, nilitaka kuanza tena hadithi ya mguu kama kawaida yangu, nikaiacha. Nikamtazama mke wangu, naye akatazama mikono yake.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Niulize mwakani. Najua tu kwamba nilisema mwenyewe."

Yule mama alisogeza mkoba wake, akaniachia nafasi ya kunyoosha mguu.

Mjomba wako,
Filimbi